Umeristati na sasa programu hazifunguki? Subiri kwanza kupiga window

Ukishika kompyuta za watu hapa mtaani kuna sentensi utaisikia mpaka uizoee, "mi sijagusa kitu, nimeristati tu." Na mara nyingi mtu anasema kweli kabisa, leo hajagusa kitu. Shida ni kwamba kilichoguswa kiliguswa jana, au juzi, au ni apdeti imejiingiza yenyewe usiku kwa vile bando lilikuwepo, na mashine ikaendelea kupiga mzigo kama kawaida kwa sababu programu ikishafunguka haina haja ya kutafuta tena njia ya kufungukia, ipo kwenye memori inakula zake maisha. Ristati ndo inazifunga zote na kuzilazimisha zianze upya, hapo sasa kilichoharibika jana ndo kinaonekana leo. Ni sawa na mtu aliyelala na homa, ukimwamsha asubuhi ukamkuta hoi huwezi kusema kuamshwa ndo kumempa homa. Kwa hiyo mimi siulizi "umefanya nini leo", nauliza "mara ya mwisho ikiwa nzima, kabla haijazimwa, kilifanyika nini".

Ngoja nitoe mfano wa hivi karibuni maana una kila kitu ndani yake. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ana steshenari Morogoro, zile fremu za kuchapa barua, kutoa kopi, kuprinti CV na kujazia watu fomu za vyuo. Mashine yake ni desktop ya kitambo, ina Windows 7 na Office 2010. Ndiyo najua Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tangu Januari 14, 2020, lakini zunguka kwenye steshenari za mjini kwako uhesabu ni ngapi bado zinaitumia halafu uje tuongee. Akanipigia asubuhi hata salamu hazijaisha vizuri.

"Shem, kompyuta imeingiliwa. Nikifungua Word inakuja Adobe, Excel Adobe, Chrome Adobe, kila kitu Adobe. Na sijafanya kitu, umeme ulikatika jana jioni, leo nimewasha tu."

Nikamwambia shem piga picha screen nzima uitume WhatsApp. Picha ilivyofika hata mimi nilicheka kidogo, samahani shem kama unasoma. Majina yote yako palepale, Word, Excel, Chrome, programu ya skana, lakini kila ikoni imevaa ile alama nyekundu ya Adobe Reader, safu kwa safu, kama sare ya shule. Picha ya pili ilikuwa ya ujumbe unaotokea akikliki Word, Adobe inasema haiwezi kulifungua faili hilo, ama ni aina isiyoijua ama limeharibika, na ukilitazama vizuri jina la hilo faili inalolilalamikia mwishoni pana herufi .lnk.

Hizo herufi nne ukihesabu na nukta ndo jibu zima.

Wengi hawajui kwamba ile ikoni ya Word pale kwenye desktop sio Word. Ni shotikati, kifaili kidogo kinachoishia na .lnk ambacho kazi yake ni kusema tu "Word yenyewe inakaa kule, nenda kaiamshe". Word halisi ni WINWORD.EXE na iko ndani kwenye Program Files. Kwa hiyo kompyuta inahitaji kujua vitu viwili, faili la .lnk linashughulikiwaje na faili la .exe linashughulikiwaje, na maelezo hayo yote yameandikwa kwenye rejistri, yaani daftari la Windows la mipangilio yake yote. Mtu akiharibu mstari wa .lnk basi shotikati zote zinakufa kwa mpigo, ingawa programu zenyewe ni nzima kabisa. Akiharibu mstari wa .exe hapo ndo balaa, hata ukienda kuifuata programu kwake haiamki.

Ndo maana kipimo changu cha kwanza ni hiki na hakihitaji ufundi wowote. Nikamwambia shem bonyeza kitufe cha Windows na herufi E pamoja, lile dirisha la mafaili litafunguka, ingia C, ingia Program Files, kama huioni Office humo basi ingia ile Program Files yenye x86, ingia Microsoft Office, ingia Office14, tafuta WINWORD ukliki mara mbili. Kimya kidogo, nasikia pikipiki zinapita nje kwake, halafu "heee, shem imefunguka!"

Basi hapo nikajua mashine haina ugonjwa wa maana. Kumbuka kwamba wakati huo fundi mmoja wa jirani yake alishaiangalia na kutoa hukumu, virusi, ilete, inapigwa window, yaani inafutwa na kuwekewa Windows upya, uichukue kesho jioni. Jamani. Kupiga window kwa ikoni zilizobadilika rangi! Na kwenye desktop ya mtu kuna CV za nusu ya mtaa, barua za wenyeviti, risiti, kila kitu kimewekwa hapohapo kwenye desktop ambayo ndo inafutwa ya kwanza mtu akipiga window bila kuuliza. Sina ugomvi na mafundi, wengi wananizidi, ila huu mtindo wa kupiga window kwa kila kitu unaniudhi kwa sababu mwenye mashine hajui kama kulikuwa na njia ya dakika tano.

Dawa yake ilikuwa hii. Windows na R, andika regedit, hiyo ndo programu ya kuhariri rejistri, kubali. Fuata njia HKEY_CURRENT_USER, Software, Microsoft, Windows, CurrentVersion, Explorer, FileExts, halafu tafuta .lnk. Kabla ya kugusa kitu raiti kliki hiyo .lnk chagua Export uisevu mahali, ili ukiharibu uirudishe. Ndani yake kuna kifolda kinaitwa UserChoice, yaani "chaguo la mtumiaji", kinapoandikwa kile mtu alichochagua mwenyewe. Kwa shotikati hakitakiwi kuwepo. Kifute hicho tu, toka kwenye akaunti kisha ingia tena. Ikoni zikarudi rangi zake moja baada ya nyingine, na shem akaniwekea simu kifuani akaanza kuhudumia mteja, mimi nikabaki nasikiliza printa.

Sasa nani alichagua? Tukarudi kwenye swali langu, jana jioni kabla haijazimwa kilifanyika nini. Binti anayemsaidia alipokea mteja mwenye fleshi, anataka kuprinti CV. Fleshi ina kile kirusi cha shotikati ambacho kila mwenye steshenari anakijua, kinaficha mafaili na mafolda yako halisi halafu kinaweka shotikati zenye majina yaleyale, ukikliki unakiendesha chenyewe. Antivairasi ilishaua kirusi lakini shotikati zimebaki, binti anakliki CV haifunguki, akaamua kuilazimisha, akatafuta penye "Open with", akachagua Adobe Reader maana CV ni PDF, na kile kiboksi cha kusema tumia programu hii siku zote kina tiki. Hapo ndo Windows ikaambiwa kila shotikati kwenye hii mashine ni mali ya Adobe. CV haikufunguka, mteja akaambiwa aitume WhatsApp. Na Word si ilikuwa imeshafunguliwa tangu asubuhi? Binti akaendelea kuchapa barua mpaka umeme ukakatika, hakuna aliyeona kitu. Asubuhi mashine inawashwa, lawama zote kwa umeme.

Fleshi ya namna hiyo wala usihangaike na Open with. Fungua kidirisha cheusi cha amri (Windows na R, andika cmd), kama fleshi ni F andika

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

ukigonga Enter mafaili halisi yanajitokeza, shotikati za bandia unazifuta.

Haya, huo ndo upande mwepesi. Upande mgumu ni pale WINWORD yenyewe kule kwenye nyumba yake inagoma, kila .exe inakuuliza "unataka kuifungua kwa programu gani", au inakwambia Windows hailioni faili wakati faili unaliona kwa macho yako. Hapo ni mstari wa .exe, na mara nyingi ni mabaki ya kirusi. Miaka ya 2010 na 2011 kulikuwa na zile antivairasi feki, zinakutokea zinakwambia una virusi mia kidogo lipia tukusafishie, zenyewe zilikuwa zinajiandika kwenye huo mstari ili kila programu utakayofungua ipitie kwao kwanza. Ujanja huo haujazeeka. Sasa angalia kinachotokea, antivairasi ya kweli inakuja inafuta faili la kirusi, inakuomba uristati, unaristati, mstari bado unasema "pitia kwa fulani" na fulani hayupo tena, basi hakuna kinachofunguka. Yaani umepona ndo umekwama. Na mtu ataapa kwamba aliyeharibu ni antivairasi.

Hali ikiwa hiyo hata Windows na R inaweza isikusaidie kwa sababu nayo inatumia mstari uleule. Lakini Ctrl, Alt na Delete bado inakuletea Task Manager, lile dirisha la kuonyesha programu zinazoendelea, maana Windows inaiamsha moja kwa moja bila kupitia ule mstari. Humo ingia File, halafu kwenye ile ya kuanzisha kazi mpya shikilia Ctrl huku unakliki, kwenye Windows 7 na 10 badala ya kiboksi cha kawaida kinakuja kidirisha cheusi. Hii ni siri ndogo ambayo imeniokoa sana. Ukishakuwa ndani ya kidirisha cheusi programu nyingi unaziamsha kwa jina tu bila kupitia kwenye ule mstari mbovu. Andika

assoc .exe

jibu linatakiwa liwe .exe=exefile, kisha

ftype exefile

jibu liwe exefile="%1" %* na si kingine, ukiona kuna jina la ajabu limetangulia mbele ya hiyo asilimia moja basi huyo ndo mgeni wako. Unarudisha kwa kuandika assoc .exe=exefile, halafu ftype exefile="%1" %*, na unamalizia na

reg delete HKCU\Software\Classes\.exe /f

ambayo inafuta maelekezo ya mtumiaji yanayofunika yale ya mashine nzima, ikisema hakuna kitu kama hicho ni sawa, songa mbele. Ikikunyima ruhusa, anzisha mashine kwenye Safe Mode with Command Prompt, yaani Windows inawaka na vitu vya lazima tu na kile kidirisha cheusi, Windows 7 unagonga F8 mapema inapowaka, Windows 10 unashikilia Shift huku unakliki Restart, ukifika humo rudia amri zilezile.

Kuna kaka yake kirusi huyu ambaye ni mjanja zaidi, programu nyingine zote zinafunguka ila antivairasi, regedit au Task Manager ndo hazitaki, na ukilibadilisha jina faili la antivairasi ukaliita hata juma.exe linafunguka vizuri. Ukiona hivyo usibahatishe, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE, SOFTWARE, Microsoft, Windows NT, CurrentVersion, Image File Execution Options, tafuta jina la programu iliyogoma, ukikuta ndani yake pameandikwa Debugger na inaelekeza kwenye faili usilolijua, umempata. Sehemu hiyo iliwekwa kwa ajili ya watengeneza programu kukagua kazi zao, wenye virusi wakaona ni mlango mzuri. Futa hiyo Debugger tu, usifute folda zote maana nyingine ni za Windows yenyewe.

Lakini sitaki mtu aondoke hapa anadhani kila kitu ni rejistri. Kwa uzoefu wangu mashine nyingi zinazoletwa na maneno "hazifunguki" ukizipa muda zinafunguka, ila baada ya mtu kukata tamaa. Fungua Task Manager (Windows 8 kuja juu) uangalie safu ya Disk, kama imekaa asilimia 100 na hujafungua kitu, kuna mawili, apdeti bado zinajipanga baada ya ristati au hadi diski (hard disk) inakata roho. Apdeti iache imalize, kunywa chai, usiizime kwa nguvu, kuizima katikati ndo unazalisha tatizo jipya juu ya lile la zamani. Hadi diski inayokufa utaisikia inagonga tik tik, au folda moja inachukua dakika kufunguka, au kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, unakuta malalamiko ya "bad block" yamepangana, hiyo usihangaike kuitengeneza, kopi mafaili ya watu kwanza kabla ya lolote. Na usisahau kuangalia C imebakiza nafasi kiasi gani, mstari ukiwa mwekundu programu zinakosa pa kuweka vitu vyao vya muda na zinajifia kimyakimya, Windows na R, andika cleanmgr, safisha.

Kitu kingine kinachochanganya watu wa Windows 8 kuja juu ni kwamba Shut down sio kuzima kweli. Tangu mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ukizima inahifadhi sehemu ya Windows kwenye diski na kesho inaichukua hivyohivyo ili iwake haraka, kwa hiyo mtu anaweza "kuzima na kuwasha" mwezi mzima na Windows haijaanza upya hata siku moja. Restart ndo inaanza upya kweli. Kwa hiyo apdeti ya wiki tatu nyuma na draiva ya printa uliyoweka juzi zote zinakuja kushika kazi siku ile unayobonyeza Restart, halafu unabaki unajiuliza mbona jana ilikuwa nzima. Ukitaka kuzima kwa kweli shikilia Shift wakati unakliki Shut down. Na apdeti sio lazima iwe ya Windows, Julai 19, 2024 faili moja la apdeti ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha mashine za Windows kama milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft wenyewe, ndege zikabaki chini, na nyingi ya mashine hizo zilihitaji mtu aende akaifute ile faili kwa mkono kwenye Safe Mode. Wenye hizo ofisi nao hawakuwa wamegusa kitu.

Kama unashuku programu iliyowekwa karibuni, ingia Safe Mode ujaribu, zikifunguka humo basi mbaya ni kitu kinachowaka pamoja na Windows, mara nyingi ni antivairasi mbili ndani ya mashine moja zinagombana, toa moja. Zikigoma hata humo na mistari ya rejistri ni mizima, hapo ndo unarekebisha mafaili ya Windows yenyewe, kidirisha cheusi cha admini (raiti kliki uchague Run as administrator),

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

ikiisha

sfc /scannow

Kwa Windows 8, 10 na 11 zifuate kwa mpangilio huo maana ya pili inachukua vipuri kutoka kwenye ghala ambalo ya kwanza inalitengeneza, na ya kwanza inavuta vitu mtandaoni kwa hiyo weka bando. Windows 7 tumia sfc peke yake.

Na ukiwasha ukakuta desktop tupu, picha ya nyuma imebadilika, mafaili yote hayapo na programu zinaanza kama ndo umenunua mashine leo, usilie. Windows imeshindwa kufungua akaunti yako ikakupa ya muda. Mafaili yako yapo kwenye C, Users, folda yenye jina lako. Usisevu kitu kwenye hiyo desktop ya muda kwa sababu ukitoka kinafutwa, ristati tena kwanza, wakati mwingine inarudi yenyewe, ikikataa tengeneza mtumiaji mpya ukopi vitu vyako.

Kwa shem nilifanya mambo machache kabla ya kukata simu. Akaunti ya pili isiyo ya admini kwa ajili ya kazi za kila siku na fleshi za wateja. Nikamwonyesha jinsi ya kuwasha yale maneno ya mwisho wa majina ya mafaili, kwenye Folder Options unatoa tiki ya Hide extensions, ili .exe iliyojivika ikoni ya PDF aione kabla hajaikliki. .lnk yenyewe haitajionyesha hata ukitoa hiyo tiki, Windows inaificha kwa namna yake, kwa hiyo shotikati utaitambua kwa kamshale kadogo pembeni ya ikoni. Tukaweka na restore point, yaani alama ya kurudisha Windows ilivyokuwa siku hiyo, na kwa wenye Windows 10 kaangalieni kama System Protection, inayotunza alama hizo, imewashwa kabisa, nyingi nilizoshika nimeikuta imezimwa, ukiiwasha leo siku ikigoma unaandika rstrui unairudisha nyuma. Binti wa dukani alikuwa anasikiliza, akauliza kama hiyo restore point inarudisha na barua mtu akiifuta bila kusevu. Hairudishi, inarudisha mipangilio ya Windows na programu, barua za wateja zinataka kopi yake kwenye hadi diski ya nje, na hiyo shem amesema atanunua mwisho wa mwezi.